Vitoto vya sungura vya wiki 3 nivipe nini?

Wakuu habarini, vitoto vya sungura wangu vina wiki 3 vimeanza kutoka kwenye kiota vinatafunatafuna chakula cha mama yao, je nivipe nini na kabichi inafaa?

— Kabichi achana nayo mkuu, matumbo bado machanga vitavimbiwa na kuharisha. Nyasi kavu ziwepo muda wote, peleti (chakula cha sungura cha vidonge) kidogo na maji safi, kunyonya viendelee mpaka wiki 6 hivi.

— Naongezea, majani ya viazi vitamu anza baadaye kidogokidogo, yanyaushe kwanza kivulini umande ukauke, ukiona kinyesi kimelegea na manyoya ya nyuma yameloa simamisha majani yote, tena muone daktari wa mifugo haraka maana kuharisha kunaviua upesi sana.

— Asanteni sana, kabichi naitoa sasa hivi.