SAE au STD: nikapime wapi?

gia_ya_tatu: Wakuu, nimebadilisha kamshafti na ekzosi, nataka kujua nimeongeza kiasi gani. Kabla ya kazi nilipima kwa fundi mmoja, karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu za gari) ikasoma nguvu za farasi 142, kwa kanuni ya SAE J1349. Sasa kuna fundi mwingine yuko jirani, daino yake mpya, ila anatoa STD, kanuni nyingine ya kusahihisha namba kwa hali ya hewa. Niende kwa yupi?

Pistoni4: Injini gani? Ina turbo? Uko mwinuko gani?

Mama_Boneti: Rudi kwa wa kwanza. SAE inachukulia hewa kavu ya nyuzi 25 na kilopaskali 99. STD inachukulia nyuzi 15.5 na kilopaskali 101.3, hewa baridi na nzito. Tofauti ni kama asilimia 4, kwa hiyo 142 yako kwa STD inasoma karibu 148 na hujagusa hata plagi.

dizeli_tupu: Kanuni ya DIN ndiyo mpango. Nyuzi 20, hektopaskali 1013, basi.

Mzee_wa_Rejeta: Yalinikuta. Nilipima, nikafunga kamshafti, nikarudi: namba imeshuka karibu moja ya tano! Nikafungua kava, nikahesabu meno ya taiming mara mbili, nikabadili plagi, wapi. Siku ya tatu nikasimama nyuma ya kijana wa daino nikamwona anasoma presha ya hewa kwenye simu: hektopaskali 1015. Tuko mita 1,500! Presha halisi pale ni kama 845. Simu inakupa presha iliyoshushwa hadi usawa wa bahari, mashine inataka ya pale ulipo. Kamshafti ilikuwa salama muda wote.

Pistoni4: Pole mzee, lakini hata 845 ingefanya mashine ikuongezee asilimia 20 hivi kufidia hewa nyepesi, na J1349 haitaki masahihisho makubwa hivyo.

Mzee_wa_Rejeta: Kwa hiyo tunaoishi mlimani tusipime?

Mama_Boneti: Mpime, ila mtazame namba ghafi, isiyosahihishwa, mashine ileile, hali ya hewa ileile. Na kipimajoto kisikae mbele ya rejeta. Kikisoma joto la uongo, farasi wanazaliwa kwenye karatasi.

dizeli_tupu: Hizo 142 ni za magurudumuni au za injini?

Pistoni4: Usianze. Kila mtu ana asilimia yake ya nguvu inayopotea kwenye gia boksi.

gia_ya_tatu: Samahani, nilikuwa kazini. Turbo ipo, sikudhani inahusu.

Pistoni4: Inahusu kuliko vyote! Turbo inayotawaliwa na kompyuta inajifidia yenyewe hewa ikiwa nyepesi. Ukiizidishia tena, umehesabu mara mbili. Na mwinuko?

gia_ya_tatu: Fundi wa kwanza yuko pwani. Huyu jirani yuko huku juu.

Mzee_wa_Rejeta: Haya sasa.