Bomba moja la majitaka na mvua linamwaga mtoni hata kwa manyunyu: tuanze na tangi?

MtoWaChini
Habari wakuu. Mtandao ni wa zamani, majitaka na maji ya mvua vinapita bomba moja. Kuna sehemu tano za kumwagia ziada mtoni, na moja inamwaga hata kwa manyunyu. Asubuhi nyingine inamwaga jua likiwaka. Vipimo vyake: eneo hekta 40, watu kama 8,000, matumizi lita 150 kwa mtu kwa siku. Ndani ya chemba kuna tundu la mm 200 linalopeleka maji kwenye bomba kuu la mtambo wa kusafisha majitaka, na kizingiti (ukuta mfupi ambao maji yakiuvuka huenda mtoni) kirefu m 4 kutoka upande hadi upande, ambacho mdomo wake uko sm 50 juu ya kitovu cha tundu. Pendekezo lililopo ni tangi la chini ya ardhi la m³ 2,400. Ndipo pa kuanzia? Na tukiinua kizingiti kuna madhara gani?

KinaChaMaji
Usianze na tangi. Piga kwanza hesabu ya hilo tundu.

Watu 8,000 kwa lita 150 ni m³ 1,200 kwa siku, yaani wastani wa lita 14 kwa sekunde. Maji yakifika mdomo wa kizingiti, tundu lako linapitisha lita 59 hivi kwa sekunde (kizidishi 0.6). Sasa mvua: tuseme asilimia 60 ya inayonyesha hufika bombani, basi kila mm 1 kwa saa kwenye hekta 40 inaleta lita 67 kwa sekunde. Nafasi uliyobakiwa nayo ni lita 45. Maana yake mapaa na lami vikishalowa, mvua ya mm 0.7 kwa saa inatosha kuvuka kizingiti. Hayo kweli ni manyunyu.

Uingereza wana kanuni ya tangu 1970 inayoitwa Fomula A: majitaka ya kawaida ya siku, ongeza lita 1,360 kwa kila mtu, ongeza mara mbili ya maji ya viwandani. Kwako, bila viwanda, inatoka m³ 12,080 kwa siku, sawa na lita 140 kwa sekunde. Tundu la mm 300 kwa kina hichohicho linapitisha 133. Ila usilitanue kabla ya kuhakiki bomba kuu lina nafasi, la sivyo sehemu inayofuata huko chini ndiyo itaanza kumwaga.

fundi_chemba
Kumwaga bila mvua ni kuziba, hakuna cha tangi hapo. Asubuhi watu wakiamka majitaka hufika mara mbili ya wastani au zaidi, lita 28 kwenda juu. Tundu likizibwa nusu linapitisha chini ya 30. Umeshamwaga.

Kinachoziba hakibadiliki: vitambaa vya kufutia watoto vinanasa ukingoni mwa tundu, nywele zinajisokota humo, halafu mafuta ya jikoni yanaganda juu yake. Safisha kwa maji ya shinikizo ukiingiza mpira kutoka chemba ya chini kupanda juu, na taka zivutwe na gari la kunyonya. Ukizisukuma tu, zitakusubiri chemba inayofuata. Mtu asishuke kabla hewa haijapimwa: oksijeni isipungue 19.5%, kengele ya hidrojeni salfaidi (gesi ya sumu ya majitaka) iwekwe 10 ppm, yaani sehemu 10 kwa milioni, na juu abaki mwenzake mwenye winchi.

Kisha funga sensa ya kina, irekodi kila dakika 2. Ile ya mawimbi ya sauti hudanganywa na povu na utando wa buibui, kwa hiyo ipangiwe usafi. Kengele muhimu kuliko zote ni hii: kina kimepanda lakini kipimamvua kinasoma sifuri. Hapo tuma gari siku hiyohiyo.

Zege28
Kuhusu kizingiti: ukiinua tu, maji yanapanda kiasi hichohicho huko nyuma, na vyoo vya vyumba vya chini ndivyo vinavyorudisha. Dawa ni kukirefusha kwanza. Chukua mvua ya mm 20 kwa saa: tundu likiwa limeshatanuliwa, inayobaki kuvuka ni kama m³ 1.2 kwa sekunde. Kwa Q = 1.8 × L × h^1.5 (Q ni maji yanayovuka kwa m³ kwa sekunde, L ni urefu wa kizingiti na h ni kina cha maji juu ya mdomo, vyote kwa mita), kizingiti cha m 4 kinahitaji maji ya sm 30 juu ya mdomo. Cha m 8 kinahitaji 19. Hizo sm 11 ndizo unazoweza kuinua bila kumgusa mtu wa juu. Chemba ikibana, kijenge kwa kukunjakunja. Lakini kizingiti cha ubavuni hakifikii fomula hiyo kikamilifu, kwa hiyo mimi ningeinua sm 7 au 8 tu, nikishapima sakafu ya chini kuliko zote katika eneo.

MtoWaChini
Asanteni sana. Jambo moja zaidi: sehemu ya tano iko karibu na bahari, na mtambo unapokea maji mengi hata kiangazi.

KinaChaMaji
Angalia vali ya kuzuia maji kurudi. Kijiti kimoja kikikwama kwenye mlango wake, kila maji yakijaa bahari inaingia bombani, na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) ndiyo mbaya zaidi. Pima upitishaji umeme wa maji kila baada ya dakika 15. Majitaka ya kawaida ni kama maikrosimensi 1,000 kwa sm, bahari ni 50,000 hivi, kwa hiyo hata asilimia 2 ya maji ya bahari inakaribia kuongeza usomaji mara mbili. Ukiona unapanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, umempata mwizi wako.

Zege28
Tukirudi kwenye tangi: m³ 2,400 ni mvua ya mm 10 tu kwenye eneo lako, kwa ileile asilimia 60 inayofika bombani. Paris walijenga la m³ 50,000 pale Austerlitz kwa ajili ya Olimpiki ya 2024, na bado mvua kubwa ya siku ya ufunguzi iliuchafua mto Seine hadi triathloni ya wanaume ikaahirishwa kwa siku moja. Simaanishi halikufaa. Kila tangi lina mvua yake ya mwisho.

Lako litoke tupu ndani ya saa 24, kabla majitaka hayajaoza na kutoa gesi. Hiyo ni lita 28 kwa sekunde, mara mbili ya mtiririko wa kiangazi wa eneo lako, juu ya ule wa kawaida. Mtambo usipoweza kuzipokea, mvua ya kesho yake italikuta limejaa. Weka pia ndoo za kupinduka za kuoshea sakafu, maana tope likilala humo mara chache tu linakuwa gumu la kuchimbwa kwa sepetu. Hizo lita 28 mtambo uzithibitishe kwa maandishi kabla mchoro haujaanza.