Fizi za mama na kifua chake, kuna uhusiano?

BintiMafinga: Habarini wakuu. Mama yangu ana miaka 64, kapika maandazi ya kuuza kwa kuni zaidi ya miaka 30. Sigara hajawahi kuigusa. Mwaka juzi aliambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba, anatumia pampu mbili za kuvuta dawa. Juzi kabanwa tena, makohozi ya kijani. Daktari kabla hajagusa kifua akamwambia fungua mdomo, akabonyeza fizi kwa kijiti, damu hiyo. “Mama, ukitoka hapa kaone wa meno.” Mama kanuna njia nzima: nimeleta kifua, yeye anakagua meno! Jamani, kuna ukweli hapo?

TabibuKinywa: Upo, dada. Ukoga ukijaa chini ya fizi, bakteria wanazaliana humo. Usingizini mate hupenya kidogo kidogo kwenye njia ya hewa. Mapafu mazima huyafagia, ya mama moshi umeshayachosha. Ila tusidanganyane: wengi waliochunguzwa ni wavuta sigara, na sigara huharibu fizi na mapafu pamoja, kwa hiyo kusema fizi ndizo zinazoleta ugonjwa ni vigumu. Kwa mama nashuku zaidi kuni. Fizi zinamwongezea mzigo tu. Je, pampu mojawapo ni ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa? Akishavuta anasukutua?

MzeeWaPangani: Marehemu kaka yangu alikuwa analala na meno ya bandia. Alipoanza kuyavua na kuyasugua usiku, kubanwa kukapungua. Sigara nayo aliacha mwezi huohuo, kwa hiyo sibishani na mtu.

BintiMafinga: Nimemuuliza, ya steroidi ipo, na hasukutui. Eti dawa ameinunua kwa hela, aiteme? Ulimi una utando mweupe, sisi tulidhani ni maziwa ya chai.

TabibuKinywa: 😀 Inayobaki mdomoni haifiki kwenye mapafu, inalisha fangasi tu. Huo utando nahisi ndio wenyewe, auonyeshe. Asukutue mpaka kooni, ateme. Siku ya kusafishwa meno abebe pampu ya haraka, ile ya kufungua kifua akibanwa, na aseme mapema asilazwe chali kabisa, atabanwa pale kitini.

BintiMafinga: Asante daktari. Jumatatu tunaenda. Kakubali kwa sharti kwamba maandazi ya asubuhi hiyo nikaange mimi. Nikasema sawa, ila kwa gesi. Hapo tumegombana upya.