Forester SG5 ya 2004: inaruka kwenye kona na taa ya AT OIL TEMP inapepesa. Nibadili giaboksi, nipeleke Dar au nianze na umeme?

SokoMatola
Wakuu habari za jioni. Nina Forester SG5 ya 2004, injini 2.0 isiyo na turbo, auto ile ya gia nne. Nipo nayo hapa hapa Mbeya, inapiga sana Tukuyu na Kyela. Sasa yamekuja mambo mawili kwa pamoja ndo yananichanganya. La kwanza nikikata kona kali taratibu kwenye lami, mfano kugeuza getini au kuegesha, gari linakuwa zito kama nimekanyaga breki alafu linaruka ruka. La pili asubuhi za baridi hizi stata inazunguka kwa uvivu, na injini ikiwaka tu ile taa ya AT OIL TEMP (ya joto la oili ya giaboksi) inapepesa kisha inazima. Siku nyingine haipepesi kabisa.

Fundi wa kwanza kasema giaboksi imekwisha nitafute used ya Japan. Wa pili kasema peleka Dar kuna mashine. Jirani yangu yeye kasema uza uchukue X-Trail T30 au RAV4 upumzike. Wenye uzoefu nisaidieni kulinganisha kabla hela haijatoka.

Fundi_Uyole
Kamwene mkuu. Usifungue giaboksi bado. Hiyo taa ikipepesa wakati wa kuwasha haimaanishi oili imechemka, imechemka ni pale inapowaka moja kwa moja ukiwa barabarani. Kupepesa mara 16 baada ya kuwasha maana yake kompyuta ya giaboksi imehifadhi kodi ya hitilafu, na kodi hizo nyingi ni za umeme, selenoidi, sensa ya spidi, soketi, waya.

Alafu hivyo vitu viwili unavyoviona tofauti vinaweza kuwa kitu kimoja. Kwenye hiyo auto, nyuma ya giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayopeleka nguvu tairi za nyuma, na inaongozwa na selenoidi wanayoiita C. Selenoidi ikikosa umeme klachi haiachii, inashika. Yaani umeme ukipotea gari linajifunga kwenye magurudumu manne, na ndo hiyo kuruka ruka kwenye kona, mana tairi za mbele na nyuma zinataka kuzunguka spidi tofauti zinakatazwa. Kwenye vumbi au matope huwezi kuisikia kwa sababu tairi zinateleza zenyewe, ndo mana watu wa huku wanatembea na tatizo muda mrefu bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha giaboksi na Dar linganisha kwanza vipimo. Tafuta multimita hata ya bei chee:
- betri asubuhi kabla ya kuwasha, nzima iwe karibu volti 12.6, ikifika 12.2 ipo nusu
- injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5 hivi, washa taa, feni na hita ya kioo cha nyuma uone kama inashuka
- waya wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikipita nusu volti waya huo au vifungo vyake ni vibovu

Na tafadhali usichomoe betri kabla kodi hazijasomwa. Mafundi wetu wengi wanaanza na kuchomoa betri "iji-riseti", hapo ushahidi umefutwa.

Mnyalu_Mafinga
Nakubali kuhusu betri lakini multimita haikwambii kodi. Mimi naunga mkono mashine. Tatizo watu wananunua kile kidude cha ELM327 cha kuchomeka chini ya usukani na kuunganisha na simu, wanaona hakuna kodi wanasema gari zima. Kwenye Subaru za Japan za miaka hiyo kile kinasoma injini tu, tena kwa shida, upande wa giaboksi hakigusi. Lakini Dar kwa ajili ya kusoma kodi tu, kilomita zaidi ya 800 na mlima wa Kitonga katikati na giaboksi yenyewe inashtuka? Hapana. Ipo programu ya bure inaitwa FreeSSM, laptopu na kebo ya USB ya KKL, inaongea na kompyuta ya giaboksi ya Subaru moja kwa moja. Vijana wa umeme wa magari mjini wapo wenye mashine zinazosoma Subaru pia, ila muulize kabla hujaenda: "inasoma transmisheni ya Subaru?" Akijibu "inasoma magari yote" geuza.

DadaMakambako
Kaka tairi zako zipo sawa zote nne? Saizi na kina cha kashata? Uliza hilo kwanza kabla ya kompyuta.

Kyela_Express
Wakuu mnamzungusha mwenzenu. Gari la 2004 barabara zetu hizi, funga giaboksi used na maisha yaendelee, mimi nimeona watu wanafunga siku mbili wanaondoka. Au sikiliza jirani, X-Trail T30 ina kitufe, 2WD, AUTO, LOCK, kona ikishtuka unabonyeza 2WD unajua tatizo liko nyuma. RAV4 ACA21 nayo ina difu ya katikati, haina habari za selenoidi C. Subaru ni gari la watu wenye muda.

Fundi_Uyole
Kyela_Express kitufe cha X-Trail nakukubalia, ni raha kupima nayo. Ila Forester nayo ina kitufe chake, kimejificha tu. Fungua boneti utafute kishikio cha fyuzi kimeandikwa FWD, kipo tupu. Chomeka fyuzi ya akiba, washa, kwenye dashibodi itawaka taa ya FWD na gari linabaki na tairi za mbele tu. Zungusha kona ile ile. Ikiacha kuruka, selenoidi na klachi vinaachia vizuri, tatizo lipo kwenye tairi, oili au amri inayotoka kwenye kompyuta. Ikiendelea kuruka hapo ndo unashuku selenoidi yenyewe, waya wake au klachi iliyokwanguka. Ni kwa kupima tu, ukimaliza toa fyuzi. Wenye turbo ya VTD msijaribu hii, mfumo wao wa kugawa nguvu mbele na nyuma ni mwingine.

Kuhusu used: mwenzangu uliona wanaondoka, je uliona walivyorudi? Uwiano wa difu iliyomo ndani ya giaboksi lazima ufanane na difu ya nyuma. Zipo za 4.111 na 4.444. Ukifunga giaboksi ya 4.444 kwenye gari lenye difu ya nyuma ya 4.111, umenunua ugonjwa ule ule mpya kabisa, na hiyo klachi itaungua ndani ya muda mfupi. Soma namba ya giaboksi inayoanza na TZ1, ulinganishe na yako kabla hujalipa hata shilingi. Na hata kama ni selenoidi C si lazima kushusha giaboksi yote, unatoa propela shafti na ule mkia wa nyuma unaifikia.

DadaMakambako umeuliza la maana, SokoMatola ajibu.

SokoMatola
Nimerudi na majibu. Betri asubuhi 12.1. Injini ikiwaka 14.2 na ikiwekwa taa na feni inabaki 13.7, kwa hiyo oltaneta nadhani ipo vizuri. Waya wa hasi nikapiga stata ikasoma 0.8! Kufungua kifungo kwenye bodi kina ukungu wa kijani na kutu. Nimesugua kwa msasa nikakaza, sasa stata inazunguka kwa nguvu.

Fyuzi ya FWD nimechomeka, taa ikawaka, kona ya getini gari laini kabisa. Nikitoa fyuzi linaruka tena.

Tairi: za mbele nilinunua mpya mwaka huu, nyuma za zamani. Saizi moja kwenye maandishi. Nimechukua futi ya fundi cherehani nikazungushia, zimepishana karibu sentimita 3.

DadaMakambako
Ndo hapo. Subaru wanataka mzunguko usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Wewe una mara tano yake. Kashata ya milimita 8 mbele na 3 nyuma tu tayari inatoa hiyo tofauti, saizi kwenye maandishi haikwambii. Klachi hiyo inafanya kazi ya difu kutoka nyumbani hadi Tukuyu bila kupumzika.

Mnyalu_Mafinga
Na oili ya giaboksi? Umeangalia rangi?

SokoMatola
Ya kahawia, harufu ya kuungua kidogo. Sio ya maziwa.

Fundi_Uyole
Ingekuwa kama chai ya maziwa ingekuwa maji ya rejeta yameingia, hapo tungeongea lugha nyingine. Kahawia na harufu ni uzee na joto la milima.

Mpango wangu kwa mpangilio wa bei: tafuta tairi nne zinazofanana kwanza, hata used zenye kashata sawa. Pili badili ATF, yaani oili ya giaboksi. Ukimwaga inatoka lita 4 hadi 5 tu katika 9 na kidogo, kwa hiyo mwaga, jaza, tembea wiki moja au mbili, rudia. Simama hapo pembeni fundi akifungua: hiyo giaboksi ina vijiti viwili vya kupimia na boliti mbili za kumwagia, moja ya ATF na moja ya difu ya mbele yenye oili nzito ya 75W-90. Wengi wanamwaga difu wakidhani ni ATF, wanaongeza ATF juu ya ile iliyokuwepo, gari linatoka gereji na difu kavu na giaboksi imefurika. Umeona mtu anasema Subaru mbovu, muulize nani alimwagia oili.

Kupima ATF ni injini ya moto, inanguruma, selekta umeipitisha gia zote ukairudisha P. Na wale wa kuosha magari waambie wasipige presha juu ya giaboksi, soketi zipo pale pale.

Baada ya hapo taa ikipepesa tena ndo msome kodi kwa FreeSSM au kwa kijana wa mashine. Betri ya 12.1 uichaji usiku kucha uipime tena, ikirudi chini ibadili, umeme hafifu unaipa kompyuta kodi za uongo.

Kyela_Express
Sawa sawa mafundi, nimesoma. Ila hiyo X-Trail mkuu ukibadili mawazo nipigie inbox, ninayo moja haina shida kubwa.

DadaMakambako
😂 Haina shida kubwa! Taja hiyo ndogo.

Kyela_Express
Sensa ya krenki tu. Ikipata moto inazima, ukisubiri inawaka.

SokoMatola
Asante mkuu, naanza na tairi. Wa Mwanjelwa mwenye nne za 215/60R16 zinazofanana anitumie picha za kashata, sio za rimu.