Somo la Warumi 3:28 kwa kundi la madhehebu mchanganyiko: wapi litaeleweka vibaya?

MwalimuWaZamu:
Shalom wakuu. Naandaa somo la ukurasa mmoja kwa kundi la maombi kazini: kuna Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste. Aya ya somo langu inayonitia wasiwasi ni hii ("kuhesabiwa haki" ni kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki):

"Paulo anasema 'mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pekee', hivyo matendo hayana kazi. Anamtaja Ibrahimu akiwa hajatahiriwa. Lakini Yakobo anasema imani yake bila matendo imekufa. Wakatoliki wao wanaamini matendo ndiyo yanayookoa."

Nirekebishe nini kabla sijaituma?

KalamuNyekundu:
Mkuu, anza na alama za nukuu. "Pekee" haimo kwenye Rum 3:28 ya Union Version, ile Biblia ya Kiswahili. Pale pana "kwa imani pasipo matendo ya sheria". Ukitaka kufundisha imani pekee, fundisha, ila nje ya nukuu. Mpinzani wako atafungua Yakobo 2:24 akukute hapo hapo: "si kwa imani peke yake."

"Matendo hayana kazi" ni kosa kubwa zaidi. Umeangusha "ya sheria", na hoja yote imening'inia hapo. Soma mstari wa 29 na 30: Paulo anauliza kama Mungu ni wa Wayahudi tu, kisha anazungumzia waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Anajibu swali la nani anakubaliwa na Mungu na kwa msingi gani. Yakobo ana swali jingine: 2:15-16 pana ndugu aliye uchi, hana chakula, na mtu anamwambia "enendeni zenu kwa amani" bila kumpa kitu. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6 (Ibrahimu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki), ila Paulo (Rum 4:10) anasisitiza kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa, na Yakobo anasogea hadi Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Andika hayo maswali mawili kwanza, majibu baadaye. Nusu ya ubishi itaisha yenyewe.

Na ukitumia Waefeso (Efe) 2:8-9, panaposema wokovu ni kwa neema na si kwa matendo, usikate kabla ya mstari wa 10, unaotaja matendo mema. Hii tabia ya kuishia pale panapotufaa imetuchosha.

Mkatekista_B:
Tumsifu Yesu Kristo. Sentensi ya mwisho ifute kabisa, si kuilainisha. Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki), mwaka 1547, katika kanuni ya kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki, ulimlaani anayesema mtu anahesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Kristo. Tofauti zipo, ila haziko hapo ulipoziweka. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili hili. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006.

Kanuni yangu: imani ya wenzako iandike kwa namna ambayo wao wenyewe wangeisaini.

Mhariri_wa_Usiku:
Wenzangu wamemaliza teolojia, mimi niguse sarufi. "Anamtaja Ibrahimu akiwa hajatahiriwa": nani hajatahiriwa? Paulo alitahiriwa siku ya nane (Wafilipi 3:5). Andika "Anamtaja Ibrahimu, ambaye wakati huo alikuwa bado hajatahiriwa". "Imani yake" nayo ni ya nani: ya Paulo, ya Ibrahimu, au ya yeyote? Msomaji atadhani Yakobo anamshambulia Paulo. Kila "yake" na "yeye" yenye wamiliki wawili, rudisha jina, hata kama inachosha kidogo.

Pia Rum 4:7-8 inanukuu Zaburi 32. Kwenye Biblia zinazofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini hiyo ni ya 31, kwa hiyo andika "Zaburi 32 (31)", la sivyo mtu atafungua ukurasa mwingine na kusema umebuni.

MwalimuWaZamu:
Nimewapata. Hivi je: "Katika Rum 3:28 Paulo anajibu nani anakubaliwa na Mungu, matendo anayoyakataa kuwa msingi ni 'matendo ya sheria'. Katika Yak 2:14-26 Yakobo anahoji imani ya mtu asiyemsaidia mwenye njaa."

KalamuNyekundu:
Hiyo inasomeka. Mpe mmoja wa kila dhehebu aisome, kisha akueleze bila kutazama karatasi. Ukisikia "kwa hiyo matendo si lazima", rudi kwenye sentensi ya kwanza.