Tupeane uzoefu: taimshea uliitoaje bila kupigwa?

Wakuu habari. Leo imeingia tena bili ya matengenezo ya taimshea yangu, yaani ule mkataba wa kununua haki ya kulala hotelini wiki moja kila mwaka, imepanda, na mwaka wa tatu huu sijalala pale hata usiku mmoja. Nataka kuitoa. Waliotoka tupeane uzoefu.

Mama Wawili: Yaani umenikumbusha. Hiyo bili mimi huwa naificha mume asiione.

Nyundo: Si uuze tu mkuu

Kobe Mzee: Amuuzie nani? Watu wanazigawa bure na hazina mchukuaji. Anza na hoteli yenyewe, zipo zinazokubali kurudishiwa kama umemaliza mkopo na hudaiwi ada. Andika, usipige simu, na usitulie mpaka uone karatasi kwamba jina lako limetoka.

Sikio la Kufa: Ngoja niwaambie yangu. Nilipigiwa na dalali, ana mnunuzi Mexico, bei nzuri mpaka nikasimama. Nikaambiwa lipa kodi kwanza utarudishiwa kwenye mauzo, nikalipa. Wiki ya pili kibali cha benki, nikalipa. Ikaja faini, eti hela imeshikwa mpakani, wakanitumia cheti kina muhuri mwekundu na jina langu limekosewa herufi mbili, mimi nikawaandikia warekebishe jina!! Nikalipa tena. Kimya. Baada ya miezi sita akapiga mwanasheria, anasema serikali imewakamata wale jamaa na hela yangu ipo, ada ya faili tu. Alijua kila kiasi nilichotuma na tarehe. Nikalipa. Walikuwa ni wale wale. Mke wangu alijua siku alipoenda kutoa ada ya mtoto akakuta akaunti tupu, hakupiga kelele, alikaa tu kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

Mama Wawili: Jamani 😢

Nyundo: Mara nne? Mtu mzima? Hapana, hiyo ni tamaa.

Sikio la Kufa: Omba yasikukute.

Kobe Mzee: Nyundo acha hizo. 2023 wizara ya fedha ya Marekani iliweka vikwazo kwa watu na kampuni za Mexico zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, kwa utapeli huu huu wa taimshea. Unapambana na genge, unaita tamaa. Anayekuja kununua halafu anataka wewe ndo utangulize hela, kata simu.

Bahati Nasibu: Mi niliacha tu kulipa. Mwaka wa nne huu, wanatuma barua nafungia maandazi 😂

Kobe Mzee: Ushauri mbovu. Wengine wamepelekwa kwa wakusanya madeni, wakienda kuomba mkopo benki wanakataliwa.

Bahati Nasibu: Sasa mkopo naombea nini na sina kazi

Mama Wawili: Na mtu akifa inawaangukia watoto?

Kobe Mzee: Sehemu nyingi mrithi anaweza kuikataa, kwa maandishi, ila asiende kulala pale kwanza ndo akatae.

Nyundo: Mwachie mama mkwe

Msafiri Kapumzika: Wenye za Hispania someni mkataba. Sheria yao ya 1998 iliweka mwisho miaka 50, na tangu 2015 mahakama yao ya juu imekuwa ikibatilisha mikataba ya milele iliyofungwa baada ya sheria hiyo. Ila wa "tutakudaia fidia, tanguliza ada" nao wamejaa huko huko.

Mgeni Juzi: Samahani wakuu, mimi nimesaini juzi Florida, siku ya sita leo. Walisema kikao chao cha mauzo ni dakika 90 tukakaa masaa matano, mtoto analia, nikasaini ili tutoke. Nimechelewa?

Kobe Mzee: Siku sita halafu upo hapa unasoma?? Muda wa kusitisha Florida ni siku 10, Ulaya 14. Fungua mkataba, tafuta anwani ya kusitishia, peleka barua LEO kwa rejista, tunza risiti.

Mgeni Juzi: Nimepeleka. Sasa hivi yule muuzaji kanitumia meseji, anasema nimpigie kwanza ana ofa nyingine.

Sikio la Kufa: Usipige.