Majitaka kutoa gesi, inawezekanaje?

Mdau wa Mabomba: Wakuu nieleweni, kuna Mholanzi Gatze Lettinga nasikia alibuni tangi linasafisha majitaka halafu linatoa gesi, bila hata umeme wa kupuliza hewa. Kweli au chai?

Fundi Chemba: Kweli kabisa. Ni kazi ya chuo kikuu cha Wageningen, hukohuko Uholanzi, miaka ya 70. Maji yanaingilia chini, yanapanda polepole yanapita kwenye tope lenye bakteria wasiotaka hewa, wanakula uchafu wanatoa methane, ndo hiyo gesi inayowaka, juu kuna kitu kama mwavuli kinaikinga. Utamu uko kwenye tope, linajiviringa lenyewe linakuwa vipunje vyeusi kama mtama, vizito, vinazama, kwa hiyo bakteria hawasombwi na maji.

Mama Kibo: Na hakutaka hataza, aliiacha watu watumie bure. Ningekuwa mimi saa hizi nina ghorofa Masaki 😂 Ila 2009 Singapore walimpa tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew.

Fundi Chemba: Ila yakitoka hayo maji msinywe jamani, vimelea bado vimo, yanahitaji bwawa lingine mbele. Na baridi inawalaza bakteria, joto letu ndo lenyewe.

Mdau wa Mabomba: Kumbe! Na machinjioni inafaa?

Fundi Chemba: Inafaa, ila toa mafuta kwanza.